Jirani Asiyekula Chumvi

Chakula cha jirani yangu kilikuwa kibaya. Ninalisema mapema ili nisije nikapitiwa nikamsifu kupita kiasi, maana alinipikia miezi mingi na najua ninachokisema. Majani ya maboga aliyaunga kwa karanga zilizosagwa zikalainika, maharage aliyachemsha hadi yakatoa rojo zito, na ugali wake wa ulezi haukuwa na donge hata moja. Lakini humo mote hamkuwa na chembe ya chumvi. Na mpishi huyo ndiye aliyekuwa akitengeneza chumvi ya kijiji kizima.

Tulimwita Jirani. Si kwamba hakuwa na jina, wala si kwamba sisi hatukuwa na adabu. Alikuwa na umri wa bibi zetu. Ilipokuja operesheni ya kutuhamishia kijijini, huku upande wa Ndalambo, tulipangwa safu mbili za nyumba zinazotazamana, watu wa kila pembe, na wanawake wakaanza kuitana mama fulani na bibi fulani ili wazoeane. Yeye alikataa. "Bibi ni mtu aliye kwake," alisema. "Mimi hapa nimepita tu. Niiteni jirani, inatosha." Ikawa hivyo, mpaka mwenyekiti wa kijiji naye akimtaja mkutanoni alisema "mama yetu Jirani". Mimi nilipomwamkia asubuhi, "Shikamoo, Jirani," wageni walidhani namtania.

Wala hakuwa anatania aliposema amepita tu. Nyuma ya mlango wake kilitundikwa kikapu chenye blanketi, kitenge kimoja ambacho hakukivaa na kibuyu kidogo cha mafuta ya kujipaka. Kikapu hicho hakikushushwa ila kwa kupanguswa vumbi. Mtoto wake pekee aliyebaki hai, binti, alikuwa ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kila mchuuzi aliyetoka Tunduma alileta salamu zilezile: mama aje. Mama naye alitaka kwenda. Miaka yote niliyoishi naye ukuta kwa ukuta sikumsikia akitaka kitu kingine. Nikajua jinsi sauti ya mtu inavyokuwa anapoomba kitu anachojua atanyimwa. Inakuwa ya upole mno, na upole huo ulikuwa ukiniudhi.

Mwanzoni hawakumtaka, yeye na chumvi yake. Siku za kuhama mwenyekiti alimwambia aviache vyungu vyake huko kinamasini alikokuwa akiishi, kwa sababu kijiji kipya kina duka, na duka litaleta chumvi nyeupe. Mambo ya kuchoma nyasi ni ya zamani. Watu waliokuwapo wanasema walitegemea bibi ataangua kilio. Badala yake alishika mikono ya mwenyekiti akamshukuru. Akavipanga vyungu vyake chini ya kichaka, akafunga kikapu, akaja kijijini akisubiri ruhusa ya kwenda kwa binti yake. Akaambiwa angoje tuvune kwanza. Tulipovuna, duka lilikuwa limebaki na mizani na mwenye duka. Sabuni haikuwepo, mafuta ya taa hayakuwepo, chumvi haikuwepo. Iliyoletwa kwa kificho kutoka ng'ambo ilikamatwa na mgambo njiani, na iliyoponyoka iliuzwa kwa kijiko na kwa masharti. Ndipo mwenyekiti yuleyule akaenda kwa Jirani, kofia mkononi, na vijana wakatumwa kinamasini kuvileta vyungu.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni hivi. Mvua zikiisha, ukingoni mwa kinamasi kuna nyasi zenye shina jekundu chini, ambazo ng'ombe huzilamba kabla ya kuzila. Si kila nyekundu inafaa. Jirani alizivunja, akazinusa, akatupa nyingi kuliko alizochukua. Zilikatwa zikianza kunyauka zenyewe, zikaanikwa, zikachomwa juu ya udongo uliofagiliwa, siku isiyo na upepo. Jivu jeupe ndilo linalofaa. Jeusi tulisugulia masufuria. Jivu lilijazwa kwenye chungu chenye matundu chini, juu ya tandiko la nyasi kavu, maji yakamiminwa kidogo kidogo, na chungu cha pili kikapokea matone. Maji hayo yakachemshwa mpaka yakakauka, chumvi ikabaki ya kijivujivu, mabonge mabonge, tukaifunga kwenye maganda ya mahindi.

Hayo mtu yeyote angejifunza. Ugumu ulikuwa kwenye matone. Ya kwanza ni chumvi. Yakiendelea hufika mahali yanageuka, yanaanza uchungu, na uchungu huo ukiingia chunguni unaharibu chumvi yote na matumbo ya wanaoila. Rangi haibadiliki, harufu haibadiliki. Ulimi tu ndio unaojua. Na ulimi uliozoea chumvi haulijui geuko hilo mpaka limeshapita. Kwa hiyo anayetengeneza chumvi hali chumvi, tena si msimu wa kazi peke yake bali mwaka mzima, maana, kwa maneno yake, ulimi ukishakula raha unachelewa kurudi kazini. Mwiko huo nilikuwa nimeusikia tangu nikiwa msichana, nikidhani ni mambo ya mizimu. Kumbe ni kipimo, kama ile mizani ya duka, ila hiki kinatunzwa kinywani mwa mtu.

Kinamama wa kikundi chetu hawakuamini. Mwaka mmoja Jirani alishikwa na homa, nao wakasema wataifanya wenyewe, kuna siri gani kwenye jivu. Walikaa wakizunguka chungu, kila mmoja akionja, na kwa kuwa hawakuwa wameipata chumvi siku nyingi, kila mmoja alionja tena ili ahakikishe. Walionja kwa furaha, na kadiri walivyoonja ndivyo ndimi zao zilivyozidi kulala. Kijiji kizima kilikula chumvi ile jioni. Kesho yake njia ya kwenda vichakani ilikuwa na msongamano, na mke wa mchungaji alikimbia mbele ya mumewe. Jirani aliposikia alicheka chini ya blanketi mpaka homa ikamwachia jasho. Kisha akageukia ukutani. Nadhani alikuwa ameelewa, sawa na nilivyoelewa mimi, kwamba sasa hawatamwachilia kamwe.

Wala hawakumfunga kamba. Ningekuwa na la kusema kama wangemfunga kamba. Walimlimia shamba lake kabla ya mashamba yao. Walimwezekea nyumba upya kila kiangazi, hata nyasi za zamani zikiwa bado nzima. Kitanda cha kamba walimtengenezea, kuni walimletea, na mtoto akipita na kuku mgonjwa mama yake alimwambia, "Mpelekee Jirani mzima, huyo mlete hapa." Kila baada ya mavuno alivaa vizuri akaenda kwa mwenyekiti kuomba ruhusa, na kila mara mwenyekiti alisimama kumpokea.

"Mama yetu, umekosa nini hapa?"

"Sijakosa kitu, Baba. Nataka kwenda kwa mwanangu."

"Sisi si wanao?"

"Ninyi ni majirani zangu."

"Basi ngoja tuone mwakani, Mama. Nani atatutilia chumvi?"

Alirudi akanywa uji wake usio na ladha mlangoni, miguu ameinyoosha. Niliwahi kumwambia ni afadhali kuchukiwa. Akanitazama kwa huruma, mimi niliyedhani ndimi ninayemhurumia. "Ukichukiwa unaondoka na hasira," alisema. "Hasira inatembea. Sasa mimi nitaondoka na nini?"

Safari moja aliondoka hivyohivyo, bila ruhusa. Kulipopambazuka kikapu hakikuwepo nyuma ya mlango. Walimkuta kabla ya njia ya Chitete, ameketi juu ya jiwe akipumzisha goti, wakamrudisha. Laiti wangemrudisha kwa ukali! Walimrudisha wakiimba. Kijana mmoja alibeba kikapu, wengine wakamshika mikono huku na huku kama bibi harusi, na wanawake tukatoka milangoni kupiga vigelegele kwa sababu tulidhani ndivyo inavyotakiwa. Yeye alikuwa akitabasamu kwa midomo tu. Alikaa siku kadhaa mlango wake ukiwa umefungwa. Halafu tukasikia harufu ya nyasi zinazoungua, na kumbe ameanza kazi, kwa sababu mke wa mtu fulani alikuwa amejifungua na mchuzi wake haukuwa na chumvi.

Hapo ndipo utakapoona mtu huyu alivyokuwa haeleweki. Alitukana watu wazima bila kupepesa jicho, na akimpa mtoto karanga alizimenya kwanza. Jumapili aliimba kanisani kuliko kwaya, na kabla ya kuwasha nyasi alitema mate pande nne, na ukimwuliza alisema anasafisha koo. Alikuwa akitaka kuondoka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akitaka jambo, na siku ya kazi hakuna aliyeweza kumtoa kwenye kile chungu. Nilimwuliza kwa nini asikatae tu, mikono si yake?

"Niwanyime chumvi watoto?" alisema. "Hao ndio wamenizuia?"

Lakini kulikuwa na mwiko wa pili, na huo hakunieleza mpaka ulipokuwa umekwishanishika. Mtengenezaji chumvi haachi moto bila mwenyewe. Yeye alipokea kwa mama mkwe wake, aliyepokea kwa mwingine, na kadhalika. Tena mrithi hachaguliwi wala haombwi, maana anayeombwa atajifanya anajua, na anayejua atajifanya hajui. Anapatikana hivi: ni yule atakayeonja matone na kusema "imegeuka" kabla ya mkubwa wake kusema, na ikawa kweli imegeuka. Akishalisema, limekwisha: moto ni wake, na mkubwa wake anakuwa kama asiyeijua kazi. Mwenyekiti alidhani ni yeye anayemzuia Jirani kwa ruhusa zake. Hakujua kwamba alikuwa mlinzi wa mlango uliokwishafungwa kwa ndani.

Mimi wakati huo nilikuwa na mambo yangu. Mume wangu alikuwa amepata kazi Tunduma, kupakia malori ya mfanyabiashara mmoja, mtu wa pwani, Mwislamu mwenye maneno machache na chai nyingi. Alitupangishia chumba karibu na barabara kuu. Tulikubaliana nikijifungua na mtoto akikaza shingo, ninahamia. Chumba hicho nilikuwa nimekipamba kichwani mwangu: kitanda upande huu, mlango uelekee huku, asubuhi niuze maandazi nikitazama magari yanayokwenda nchi za watu. Sikuwa mtu wa kupata choo cha kijiji chenye zamu ya kufagia nikatosheka. Kwa hiyo Jirani alipokuwa akiniambia habari za kwenda kwake, nami nilimwambia za kwangu, na tulicheka tukisema tutabaki tukitazamana juu ya mpaka wa nchi, mimi huku yeye kule.

Kwenye mimba hiyo miguu yangu ilivimba. Mhudumu wa zahanati aliibonyeza kwa kidole, shimo likabaki, akasema niache chumvi kabisa. Nikalia, si kwa ugonjwa, kwa chakula. Jirani akaniambia, "Usihangaike na vyungu viwili nyumbani kwako. Cha kwako nitakipika pamoja na changu." Ndivyo nilivyoanza kula kile chakula kibaya. Mwezi wa kwanza nilikimeza. Baadaye ikatokea ajabu: majani ya maboga yakawa na utamu wake, maji ya kisima cha juu yakawa tofauti na ya kisima cha chini, na nikinusa uji nilijua mahindi yalivunwa mabichi au makavu. Nilijifungua salama, mtoto wa kiume, Yona. Miguu ikarudi kuwa miguu. Jirani hakuacha kunipikia. "Bado unanyonyesha," alisema. "Ngoja kwanza." Nami nilingoja, kwani nani anakataa kupikiwa?

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Nilikuwa nimembeba Yona mgongoni, ninamsaidia Jirani kushika chungu cha maji, wanawake kadhaa wapo wanasubiri chumvi yao. Matone yalikuwa yakianguka. Yeye alionja kwa kidole, akanyamaza. Mimi nilichovya changu kwa kuwa kilikuwa karibu tu. Nikakunja uso.

"Imegeuka," nikasema.

Jirani alionja tena, akaondoa chungu cha chini, akakiweka pembeni polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Halafu aliniangalia. Sijapata kutazamwa vile tena. Ilikuwa furaha, na ilikuwa huruma, na vyote viwili vilikuwa vyangu. Wale wanawake wakubwa walikuwa wamekwishaanza kupiga makofi mepesi ya heshima. Nikawauliza nimefanya nini. Mmoja akaniambia.

Nilikataa. Nilisema nina chumba Tunduma, nilisema mume wangu ananisubiri, nilisema mimi si mtu wa ukoo wao. Nilisema pia maneno ambayo sitayarudia, mbele ya mtoto wangu. Jirani alichota jivu, akanishika viganja, akanipaka jivu kwenye vyote viwili, nami nilikuwa na nguvu za kumsukuma na sikumsukuma. Kisha akanawa mikono yake kwa maji safi. "Mimi sasa sijui," alisema. Asubuhi iliyofuata alipita kwenye jiko lile nilipokuwa nimekaa nimeduwaa, akasimama, akauliza kama mgeni aliyetoka Isansa jana: "Mwanangu, unapika nini hapo?"

Mwenyekiti alitoa ruhusa papo hapo. Miaka yote ya "ngoja tuone" iliisha kwa muda wa mtu kutafuta kalamu. Wakamfungia kuku wawili na unga wa ulezi, na vijana walewale waliomrudisha wakiimba wakamsindikiza wakiimba. Kabla hajaondoka alikuja mlangoni kwangu na kikapu chake. Nilikuwa nimejiandaa asiombe msamaha ili nimchukie, na kweli hakuomba.

"Nyumba yako inavuja kona ile," alisema. "Sasa wataiezeka."

Waliiezeka wiki ileile. Na shamba langu walililima kabla ya yao.

Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo juu ya kile chakula. Miguu yangu ilipona mapema. Alinipikia mwanzoni kwa sababu ya uvimbe, hilo nina hakika nalo, maana alikuwa akiibonyeza miguu yangu kila jioni na uso wake ulikuwa na hofu ya kweli. Lakini baadaye? Alikuwa ananilisha au alikuwa anautengeneza ulimi wangu, kama anavyoanika nyasi? Siku nyingine najibu hivi, siku nyingine vile. Kuna siku hasira inanijaa nikikoroga mchicha wangu usio na kitu, na kuna siku ninaonja maji ya mvua ya kwanza nikajua yamepita juu ya moshi wa upande gani, nikamshukuru kwa sauti kubwa. Mume wangu alikuja mwisho wa kila mwezi, akala kwa majirani, kwangu akalala.

Jirani nilimwona tena mara moja, miaka kadhaa baadaye. Ilikuwa masika, wakati ambao nyasi ni mbichi na mwenye kazi hii anaweza kupumua, nikaenda Tunduma kumtazama mume wangu, kisha nikavuka na Yona kwenda Nakonde. Maduka ya ng'ambo yalikuwa na chumvi imepangwa pakiti kwa pakiti. Hata letu lilikuwa limeanza kuipata, mwezi huu ipo, mwezi ujao haipo, na watu wetu walikuwa wameshajifunza kutoliamini duka. Walikuwa bado wanakuja kwangu.

Alikuwa ameketi nje ya nyumba ya binti yake, amenenepa, amevaa kile kitenge cha kwenye kikapu, anabishana kwa Kibemba na mwuza mahindi ya kuchemsha. Aliponiona alisimama bila kushika goti. Tukasalimiana, akambeba Yona ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Nikampa zawadi yangu, bonge la chumvi kwenye ganda la mahindi. Alilifungua. Alilamba kiganja chake, akachovya kwenye chumvi, akalamba tena, mara hii macho yamefumba, mbele ya watu wote, kama mtoto aliyeachiwa sukari. Akanyunyiza kwenye mahindi, akala, akanyunyiza tena.

"Nzuri," alisema. "Nani ametengeneza?"

"Mimi."

"Pole, mwanangu."

Nikamwambia kuna chungu kimoja matone yake yanatoka haraka, sijui tandiko ni jembamba au matundu yamepanuka. Akaniangalia kwa uso wa asiyeelewa kabisa. "Kazi hiyo mimi siijui," alisema. Na nikaona ni kweli, mdomo wake ulikuwa umejaa chumvi.

Basi nikauliza lile lingine, nikamwuliza wazi. Kile chakula, Jirani, kilikuwa cha miguu yangu? Alitafuna punje zake mpaka zikaisha. "Miguu si ilipona?" alisema. Alikuwa na sauti ile ya zamani, ya upole mno, na safari hii sikujua alikuwa anaomba nini. Halafu akaniambia niwaachie ndimi zao wale wenye raha, nitafute mwenye miguu iliyovimba. Hilo, nadhani, halikuwa la kazi, kwa hiyo aliruhusiwa kulijua. Mpaka leo sijampata.

Binti yake alikuwa amepika samaki wakavu wa moshi kwa nyanya. Sufuria ilikuwa bado jikoni inachemka, naye akanyoosha mkono kuchukua pakiti ya chumvi. Mama yake akamwambia kwa adabu ya Kibemba, "Subiri, mukwai," akainuka, akachukua bakuli, akachota mchuzi na kipande kimoja cha samaki, akaliweka bakuli pembeni karibu na goti langu, na kulifunika kwa sahani. Kisha akamwambia binti yake sasa anaweza kutia.